Maji ya Wote ni Maji ya Nani?



Liko swali moja ambalo limetusumbua moyo kwa muda mrefu, wala si swali la wasomi peke yao, bali ni la kila mtu achukuaye ndoo asubuhi. Swali lenyewe ni hili: Je, ni haki kumtoza maskini fedha kwa ajili ya maji? Wengine hujibu upesi: Hapana, maana maji ni kipaji cha Mungu, na mvua humnyeshea tajiri na maskini pia. Wengine nao hujibu upesi vilevile: Ndiyo, maana bomba na mashine havikushuka pamoja na mvua. Sisi twaona ya kuwa hao wote wawili wamejibu mapema mno. Twataka leo kulitafakari jambo hili polepole pamoja nanyi, kwa kuwa nchi yetu ya Tanzania imekwisha kuzijaribu njia zote mbili, nasi tumeyaona matokeo yake kwa macho yetu.

Tulipokuwa watoto, mwishoni mwa miaka ya 1980, palikuwa na bomba karibu na shule yetu. Lilisimama juu ya msingi mzuri wa saruji, nalo lilikuwa kavu. Watu wazima walituambia ya kuwa siku lilipofunguliwa lilitoa maji mengi, hata wanawake wakapiga vigelegele na ngoma ikachezwa mpaka jioni. Baadaye kipande kidogo cha mpira kilichomo ndani ya koki kilikatika. Maji yakamwagika ovyo majuma kadhaa, kisha yakafungwa huko juu, wala hayakurudi tena. Kile kipande cha mpira bei yake haikufika hata bei ya kuku mmoja. Basi tukauliza, kama watoto waulizavyo: "Kwa nini hamkununua kingine?" Tukajibiwa: "Bomba hili ni la Serikali." Wakati ule jibu lilitutosha. Siku hizi halitutoshi.

Yafaa kwanza tukumbuke jinsi mambo haya yalivyokuja. Baada ya uhuru wa mwaka 1961 viongozi wetu walitangaza vita juu ya adui watatu, yaani ujinga, maradhi na umaskini. Mwaka 1965 Serikali ilikubali kubeba gharama yote ya kujenga miradi ya maji vijijini, na miaka michache baadaye ikaubeba na mzigo wa kuiendesha. Kisha mwaka 1971 ukaanza mpango wa miaka 20. Shabaha yake ilikuwa hii, ya kwamba ifikapo mwaka 1991 kila mtu wa kijijini apate maji safi ya kutosha mwendo usiozidi meta 400 kutoka nyumbani kwake. Wala mwanakijiji hakutakiwa kulipia ndoo yake.

Asiwepo mtu wa kudhani ya kuwa twawacheka waliokusudia hayo. Lilikuwa kusudi jema. Aliyepata kumwona mama mjamzito akipanda mlima na ndoo kichwani hawezi kulicheka. Lakini taabu zilikuja nyingi, moja juu ya nyingine. Katika miaka ya 1973 hata 1976 mamilioni ya watu walihamishwa wakakaa katika vijiji vya pamoja, na kila kijiji kikahitaji maji upesi. Bei ya mafuta ikapanda sana duniani mwaka 1973, ikapanda tena mwaka 1979. Vita ya kumwondoa Idi Amin, iliyoanza mwaka 1978, ikamaliza fedha nyingi. Tena nchi rafiki zilileta msaada, kila moja katika mikoa yake: Wafini walifanya kazi Mtwara na Lindi, Waswidi katika mikoa ya Ziwa Victoria, Wadenmark Iringa, Mbeya na Ruvuma. Wakaleta mashine za namna mbalimbali, hata fundi aliyezoea za huku hakuzijua za kule. Mafuta yalipokosekana na vyuma vya akiba visipopatikana, mashine zilinyamaza.

Mwaka 1991 ukafika, nayo shabaha haikufikiwa. Sera ya maji ya mwaka 2002 ilikiri wazi ya kuwa watu wa vijijini waliopata maji ya kutegemewa walikuwa kama nusu tu, na ya kuwa miradi zaidi ya 30 katika kila 100 haikufanya kazi vizuri kwa sababu ya uendeshaji na matunzo mabaya. Ndipo shauri likageuzwa. Wanakijiji wenyewe wakaambiwa wawe wenye mradi, wachange sehemu ya gharama ya kuujenga, na waubebe mzigo wote wa kuuendesha. Sheria ya mwaka 2009 iliwapa nafasi ya kuunda vyombo vyao vya watumiaji maji, na Sheria ya mwaka 2019 ikaanzisha Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, yaani RUWASA, ili kuvisimamia na kuvisaidia.

Je, kulipa kuliponya ugonjwa? Vituo vya maji vya vijijini vilipohesabiwa nchini katika miaka ya 2011 hata 2013, karibu vinne katika kila kumi vilionekana havitoi maji. Hapo ndipo twataka msomaji asimame kidogo. Wakati maji yalipokuwa ya bure, mabomba yalikauka. Maji yalipoanza kulipiwa, mengi yaliendelea kukauka. Basi lazima kuna jambo la tatu ambalo ubishi wa bure na bei haukuligusa.

Tuwaulize wazee. Katika nchi ya Uchaga, zamani kabla ya Wajerumani kuja, watu walichimba mifereji iitwayo mifongo. Walikinga maji huko juu makorongoni, wakayapitisha pembeni mwa vilima kwa mwendo mrefu mpaka migombani. Upare nako walijenga ndiva, ndiyo mabwawa madogo yajazwayo usiku, yafunguliwe mchana kumwagilia mashamba. Kazi hizi zilidumu vizazi vingi, pasipo mhandisi wa cheti wala fedha ya mgeni. Zilidumuje? Kila mfereji ulikuwa na wazee wake. Ukibomoka, watu waliitwa kazini. Aliyekosa kuja pasipo sababu alitozwa faini, au zamu yake ya maji ilizuiwa. Maji hayakuuzwa, wala hayakuwa ya bure. Mtu hakuulizwa, "Umeleta fedha kiasi gani?" bali aliulizwa, "Siku ya kazi ulikuwapo?"

Walakini tusiwasifu wazee kupita kiasi. Wanawake hawakuketi katika baraza la mfereji, ingawa wao ndio waliobeba maji ya nyumbani. Na wa chini walilalamika mara nyingi juu ya wa juu waliowakatia maji. Twataka kujifunza jambo moja tu kwao: ya kuwa yapo malipo yamfanyayo mtu mwenye mali, na yapo malipo yamfanyayo mgeni dukani.

Hapo twafikia kiini cha maneno yetu. Bei na mchango vyaweza kuwa fedha ileile, shilingi 50 ileile mkononi, lakini si kitu kimoja. Mtu akilipa bei, akapokea ndoo yake, mambo yamekwisha. Yeye na mwuzaji hawadaiani neno. Lakini mtu akitoa mchango, mambo ndiyo yanaanza. Tangu siku ile ana haki ya kuuliza: Fedha yetu iko wapi? Nani aliitumia? Mashine itatengenezwa lini? Tena ana wajibu wa kujibu aulizwapo yeye. Kwa hiyo twasema hivi: kitu cha umma ni mali ya yule awezaye kukidai hesabu. Asiyeweza kudai hesabu, hata akinywa bure, ni mgeni. Na asiyeweza kudai hesabu, hata akilipa kila siku, ni mgeni vilevile, tena mgeni aliyetozwa.

Maneno haya hatukuyapata vitabuni. Tuliyapata kwa aibu, nasi twaona haya kuwaficha.

Katika kijiji tulichotumikia zamani kulikuwa na mashine ya kuvuta maji na vituo vichache vya kuchotea. Ndoo ya lita 20 ilikuwa shilingi 50. Wanakijiji wakatuchagua tuwe katika kamati ya maji, kwa sababu walisema, "Mchungaji hawezi kuiba." Ni kweli hatukuiba. Lakini kila mwezi mtunza hazina alituletea daftari, nasi tukatia sahihi pasipo kusoma, maana alikuwa mzee wa usharika na rafiki yetu, na kumkagua rafiki tuliona ni kumtukana. Siku mashine ilipoharibika, kasha likafunguliwa, na fedha iliyokuwamo haikutosha hata kumlipa fundi nauli. Hakuna aliyekuwa ameibeba kwa gunia. Ilikuwa imekwenda kidogo kidogo: ada ya mtoto wa huyu, mazishi ya yule, mkopo wa mbegu ambao haukurudi. Kila mara ilitolewa kwa huruma, na kila mara kwa siri. Hivyo huruma ya siri ilikula maji ya watu wote, na kijiji kikakaa miezi saba kikichota mtoni pamoja na ng'ombe.

Lakini neno lililotuumiza zaidi tulilijua baadaye. Katika usharika alikuwamo mjane mmoja mzee aliyelea wajukuu watatu. Nyumba yake ilihitaji ndoo nne kwa siku, yaani shilingi 200, nazo ni shilingi 6,000 kwa mwezi, kwa mtu auzaye mboga mafungu machache. Siku asizokuwa na fedha, mwenye kituo alimwambia akae kando awapishe wengine. Akaacha kwenda kituoni, akawa anakwenda mtoni usiku. Kiangazi kile aliacha na kuja kanisani. Tulidhani amepoa katika imani, hata tukamtuma mwinjilisti akamwonye. Mwinjilisti akarudi na jibu ya kuwa mama yule hana maji ya kufulia nguo zake, naye aliona haya kuketi karibu na watu. Na hayo yalitokea wakati mashine ilikuwa nzima, na sisi tulikuwa tukitia sahihi daftarini.

Tena tulipopiga hesabu tuliona jambo la kushangaza. Ndoo 50 hufanya lita 1,000. Mjane, kwa ndoo moja moja, alizinunua lita hizo kwa shilingi 2,500. Jirani yake mwenye duka, aliyevutiwa bomba mpaka uani, alizilipia lita 1,000 shilingi 1,500. Maskini ndiye aliyeuziwa ghali. Wala hapana mtu aliyekusudia uovu huo. Ulikuja wenyewe kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Basi twawajibu wale wa kwanza, wasemao maji yawe bure: Mwasema kweli ya kuwa kiu haipaswi kungoja fedha. Lakini bure yenu ya zamani ilimfundisha mtu kutazama bomba likimwagika na kusema si langu. Na twawajibu wale wa pili: Mwasema kweli ya kuwa chuma huchakaa na fundi hula. Lakini bei yenu ilimfukuza mjane kituoni, wala haikumpa mlipaji haki ya kusoma daftari. Yatupasa kushika yote mawili pamoja: kila mmoja atoe sehemu yake, na pasiwepo atakayekosa maji kwa kukosa sehemu hiyo.

Mtu atauliza: Hayo yawezekanaje? Asiye na kitu atachanga nini? Twaona njia moja ambayo baadaye ilijaribiwa kijijini pale. Mkutano wa kijiji uliamua kwanza nyumba ngapi zitachukuliwa na wengine, na gharama yake ikatiwa wazi katika hesabu ya mwaka. Majina yalijulikana kwa watu wachache waliochaguliwa. Kisha kila nyumba, ya tajiri na ya maskini, ikapewa kadi ya namna moja, hata mwenye kituo asijue nani amelipa na nani amelipiwa. Hapo huruma ilifanywa wazi katika hesabu, lakini maskini alisitiriwa. Zamani tulifanya kinyume: tuliificha hesabu, tukamwanika maskini.

Na juu ya kulinda fedha, sisi Walutheri tunalo fundisho la kale ambalo tumelisahau. Mwaka 1523 usharika wa mji wa Leisnig, katika nchi ya Saxony huko Ujerumani, uliweka kasha la jamii kwa ajili ya wachungaji, shule na maskini, naye Martin Luther aliuandikia utaratibu huo dibaji. Kasha lilikuwa na kufuli nne, na funguo nne zilikaa kwa watu wa makundi manne: wenye cheo, baraza la mji, raia wa mji, na wakulima wa vijijini. Wasimamizi walikuwa kumi, na watatu katika hao walikuwa wakulima. Mpango ule haukukosa taabu, maana baraza la mji halikutaka kuiachia mali yote iliyohusika. Lakini tazameni hekima yake. Watu wale walikuwa Wakristo, wa usharika mmoja, waliomeza Meza moja ya Bwana, na hata hivyo waliweka kufuli nne. Hawakufanya hivyo kwa kudhaniana wezi. Walijua ya kuwa mtu mwema aachwaye peke yake na fedha ya wengi yumo hatarini, na kumwacha humo si upendo. Sisi tulimpenda rafiki yetu mtunza hazina kwa kufumba macho, na kwa kufumba macho tukamwangusha.

Labda mwingine atasema: Mwawatwika wanakijiji mzigo wote, na Serikali mwaiachilia. La, hasha. Kijiji chaweza kununua kipande cha mpira, lakini hakiwezi kuchimba kisima kirefu katika mwamba. Kodi hulipwa hata na muuza mboga anunuapo sabuni na sukari. Kwa hiyo anayo haki ya kudai kazi kubwa zifanywe kwa kodi hiyo: visima, matangi, wahandisi, na ukaguzi wa hesabu usiongoja kuitwa. Tena yawapasa watawala kusema neno moja siku zote. Mtu akiahidi maji ya bure wakati wa kuomba kura, kisha kijiji kikaambiwa kichange baada ya kura, atakuwa amevunja kitu kisichotengenezwa na fundi, yaani imani ya watu. Kila mmoja abebe kile mkono wake uwezacho, na mwenye mkono mkubwa asijifiche nyuma ya wenye midogo.

Nasi viongozi wa sharika, twapenda kuitwa siku ya kufungua mradi, tuombe na kukata utepe. Ni vema. Lakini baada ya utepe daftari hubaki. Kuliuliza daftari si kuingia mambo ya dunia yasiyotuhusu. Nehemia alipoujenga ukuta wa Yerusalemu aliwaweka watu wengi wajenge kila mtu kuikabili nyumba yake, na majina yao yakaandikwa, pamoja na wakuu wa Tekoa waliokataa kuinamisha shingo kazini. Habari ya waliokataa nayo iliandikwa. Hesabu ya wazi ni sehemu ya kazi takatifu.

Mashine ya kijiji kile ilitengenezwa mwishowe. Mtunza hazina alikiri mbele ya mkutano, nasi tukakiri pamoja naye kosa letu la kutia sahihi. Aliahidi kurudisha, na waliokopeshwa wakaahidi kurudisha. Tangu hapo daftari lilisomwa kwa sauti kila miezi mitatu, si kanisani, bali chini ya mwembe, mahali Mwislamu na Mkristo na asiye na dini waweza kusimama na kuuliza.

Tulikwenda kwa yule mjane kumwomba radhi. Alitukaribisha, akatuwekea kigoda, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Baba Mchungaji, ile fedha imerudi?" Tukamjibu, "Mama, imerudi nusu." Akasema, "Basi bado nusu." Hakuongeza neno. Tulikuwa tumekuja kutafuta kusamehewa, naye alitaka hesabu; na hesabu ilikuwa haki yake. Tulipotoka pale tulijua ya kuwa bomba lile sasa lina mwenyewe.

Kwa hiyo, ndugu walimu na wainjilisti, msomapo haya, fanyeni jambo moja dogo. Nendeni mkaulize katika kijiji chenu: Daftari la maji liko kwa nani? Lilisomwa mbele ya watu lini? Na yuko nani ambaye hatumwoni siku hizi kituoni, wala kanisani? Mkijibiwa kwa hasira, msiogope. Mkijibiwa, "Hilo ni la Serikali," au, "Hilo ni la kamati," kumbukeni lile bomba kavu la utoto wetu, lililokosa kipande cha mpira kwa sababu lilikuwa la watu wote, na hapana aliyejua ya kuwa watu wote ni yeye.